Mbwa Asipoona, Vitu Vibaki Mahali Pake

Majibu kwa barua za wasomaji wanaoishi na mbwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Mbwa wetu ana miaka kumi. Siku hizi anagonga milango, usiku hataki kushuka ngazi, na juzi alimkanyaga mwanangu aliyekuwa amekaa sakafuni. Macho yake yameingia ukungu. Baba watoto anasema mbwa asiyeona anateseka, afadhali achomwe sindano apumzike. Roho yangu inakataa. Ukweli ni upi? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mama. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba mimi mwenyewe sioni. Barua zenu husomwa na kompyuta kwa sauti, nami nazisikiliza huku mbwa wangu wa kazi amelala miguuni. Kwa hiyo hoja kwamba asiyeona anateseka kwa kuwa tu haoni, siikubali, na namwomba baba watoto asinielewe vibaya. Kutoona hakuumi. Kinachoweza kuuma ni ugonjwa ulioleta hali hiyo, na huo lazima daktari wa mifugo auchunguze kabla neno sindano halijatajwa tena hapo nyumbani.

Ukungu wa jicho la mbwa mzee una sababu nyingi. Upo ule wa rangi ya samawati iliyofifia, unaotokana na lenzi kukakamaa kwa umri. Mbwa mwenye huo bado anaona vya kutosha. Upo mtoto wa jicho, anayezuia mwanga usipite, na kwa mbwa mwenye kisukari huja kwa kasi sana. Kama anakunywa maji kupita kawaida yake, anakojoa kila mara, na anakonda ilhali anakula, mwambie daktari hayo yote. Yapo pia magonjwa ya kurithi yanayoua polepole retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mengi huanza kwa dalili uliyoitaja: mbwa anasita gizani wakati mchana bado anakwenda vizuri.

Halafu kuna presha ya jicho, na hii ndiyo inayonitia hofu. Jicho huwa jekundu, hupata ukungu, huonekana limevimba. Mbwa hulifumba, hataki kuguswa kichwa, anajitenga pembeni. Hayo ni maumivu makali, na anatakiwa afike kwa daktari siku hiyohiyo. Jicho ambalo limeshapofuka na bado linauma mara nyingi hutolewa. Watu hushtuka wakisikia hivyo, lakini mbwa aliyeondolewa maumivu ya namna hiyo hurudi kula na kucheza, ndipo wenyewe wanapotambua alikuwa anaumia kwa muda gani.

Tuseme daktari amekuhakikishia kwamba hakuna maumivu. Hapo kazi inahamia kwenu. Mbwa huijua nyumba kwa pua, kwa nyayo, na kwa zile ndevu ndefu za mdomoni zinazogusa kitu kabla uso haujagonga. Anajua ni hatua ngapi kutoka pale anapolala hadi kwenye maji. Elimu hiyo inamtosha kabisa, ila inategemea ninyi msiivuruge. Kiti kilichovutwa kirudishwe mezani. Viatu na mabegi ya watoto visibaki njiani. Bakuli la maji lisihamishwe hata kwa siku moja ya kupiga deki. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa. Ule ulioachwa nusu ndio unaopasua paji la uso, la mbwa na langu pia.

Kwenye ngazi weka kizuizi juu mpaka azoee, na mwanzoni mwa ngazi tandika mkeka unaokwaruza ili nyayo zimwambie amefika. Chagueni maneno machache, "panda", "shuka", "pole", na wote nyumbani mtumie hayohayo. Mtoto akisema "ruka" na baba akasema "teremka" kwa ngazi ileile, mbwa hana cha kushika. Na kabla hujamgusa, mwite kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui. Akipotea katikati ya chumba, akawa anazunguka tu, usimbebe ukamweka mahali pengine, maana umemwondolea kila alichokuwa amekihesabu. Tembea mbele yake ukiongea, umfikishe kwenye bakuli lake la maji. Kutoka hapo anajua njia zote.

Kwa baba watoto nina ombi moja. Amchukue yeye mwenyewe matembezini kwa kamba fupi, njia ileile kila siku, bila haraka, na amwache anuse atakavyo. Baada ya wiki kadhaa tuandikieni tena.

SWALI: Shikamoo Mzee. Katika jengo ninalofanyia kazi yupo kaka mmoja asiyeona, ana mbwa wa kumwongoza. Mbwa ni mpole mno. Tukiwa kwenye lifti nampapasa kidogo, na kaka yule anakasirika. Kosa langu ni nini kama tumesimama tu? Halafu nieleze, mbwa anajuaje kama taa za barabarani zimeruhusu kuvuka? – Mpenda Mbwa

JIBU: Marahaba. Nianze na taa, kwa sababu ukilielewa hilo na lifti utaielewa.

Mbwa hasomi taa. Anayeamua kuvuka ni mimi. Nasimama ukingoni, nasikiliza magari yanayopita mbele yangu yaishe, kisha nasikiliza yale yaliyo sambamba nami yakiondoka. Hapo ndipo namwambia "mbele". Mbwa naye anapima: kama kuna gari linalokuja ambalo mimi sikulisikia, anakataa. Anabaki palepale hata nikirudia amri, au anasimama mbele ya magoti yangu. Ukaidi huo amefundishwa makusudi. Na njia vilevile ni juu yangu. Watu hudhani namwambia "nipeleke benki" kisha nafuata tu. Mimi ndiye ninayejua tugeuke wapi. Yeye anajua namna ya kunifikisha kwenye kona hiyo bila kunigongesha nguzo.

Kazi hii iligawanywa hivyo tangu zamani. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mwaka 1928 kijana Mmarekani, Morris Frank, alikwenda Uswisi, ambako mama mmoja aitwaye Dorothy Eustis alikuwa akifundisha mbwa, akarudi na mbwa wake Buddy, na mbele ya waandishi wa habari akavuka naye barabara ya New York iliyojaa magari. Mwaka uliofuata wakaanzisha The Seeing Eye, shule ambayo ipo mpaka leo. Frank alikwenda kujifunza, hakwenda kuchukua mbwa tu, na sisi wote tuliofuata tulipita darasani vilevile kabla ya kukabidhiwa mbwa.

Sasa turudi kwenye lifti. Mbwa wangu huvaa mkanda wa kifuani wenye mshikio mgumu, nami nimeushika kwa mkono wa kushoto. Mshikio ule ndio unaonipa habari. Ukiinuka kidogo, najua miguu yake ya mbele iko juu ya ngazi ya kwanza. Ukisimama ghafla bila kuinuka, mbele kuna ukingo, nautafuta kwa ncha ya kiatu. Ukivutwa taratibu kushoto, kuna kitu tunakikwepa, na mara nyingi sitakijua kamwe. Anapokwepa hapimi mwili wake peke yake. Tawi lililoinama usawa wa uso wangu yeye angepita chini yake bila kulijali, lakini ananizungusha.

Unapompapasa kichwani, mshikio unatikisika, nami napokea habari ya uongo. Kwenye lifti mmesimama, ni kweli, ila baada ya nukta chache mlango utafunguka, watu wataingia na kutoka, na mimi nahitaji akili yake iwe mlangoni. Zaidi ya hapo umemfundisha kwamba mtu aliyesimama kwenye lifti ni mtu wa kumfuata. Kesho atanivuta kwa mtu mwingine, ambaye huenda anaogopa mbwa. Kulirekebisha hilo kunaweza kuchukua wiki nyingi, na mzigo huo anaubeba kaka yako, wewe ukiwa umeshasahau.

Msalimie yeye, mbwa usimtazame wala usimwite jina. Usimpe chakula. Ukiona anahitaji msaada, uliza. Usishike mkono wake wala mshikio. Ukija na mbwa wako, mwambie mapema, "nina mbwa hapa." Na siku mkikaa mahali mbwa amevuliwa mkanda wa kazi, omba ruhusa ya kumpapasa. Mimi huwa naruhusu kwa moyo mweupe, na mbwa wangu hujilaza chali papo hapo.

SWALI: Mzee, tumepewa mtoto wa mbwa, mweupe mwili mzima, wa wiki kumi. Haitiki. Akiwa amelala tunapiga makelele haamki, lakini mwanangu alipomgusa alishtuka akamng'ata kidole. Tufanyeje? – Baba Mlezi

JIBU: Kwanza, ndugu yangu, jeraha hilo lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali leo kama bado hajapelekwa, waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa wa umri huo kwa kawaida bado hajachanjwa. Hata kama mkwaruzo ni mdogo, nenda.

Kuhusu uziwi, huenda unasema kweli. Weupe na uziwi vina uhusiano kwa mbwa. Ndani ya sikio zinahitajika seli zilezile zinazotoa rangi ya manyoya, na zikikosekana, seli za kusikia hufa katika wiki za mwanzo za maisha. Dalmatian, wale mbwa weupe wenye madoadoa, wanajulikana sana kwa hilo. Daktari mwenye vifaa anaweza kupima kila sikio peke yake kwa kuangalia kama ubongo unaitikia sauti, maana wapo wanaosikia kwa sikio moja na wenye nyumba wasijue. Nyumbani piga sauti ukiwa nyuma yake, mbali kiasi kwamba hakuoni kivuli na hasikii mtikisiko wa sakafu.

Kuamka ndiko kwa kushughulikia mwanzo, kwa sababu ndiko kulikomng'atisha. Shika kipande cha chakula, sogeza mkono mbele ya pua yake akiwa amelala, subiri harufu imwamshe. Baadaye gusa bega kwa kidole kimoja, palepale kila mara, na akifungua macho tu ampate mtu na chakula. Rudia mara nyingi kwa siku, mpaka kuguswa usingizini kumaanishe jambo jema. Hii ni kazi ya mtu mzima. Mtoto asiguse mbwa aliyelala, na hii iwe kanuni hata kwa mbwa anayesikia.

Mafunzo mengine ni rahisi kuliko unavyodhani, kwani mbwa wote husoma mikono yetu upesi kuliko maneno. Kidole gumba juu kimaanishe "umefanya vyema", na kila kikiinuka apate kitu. Kiganja kushuka, keti. Mkono kuvutwa kifuani, njoo. Usiku, taa ya uani ikiwashwa na kuzimwa mara mbili, rudi ndani. Kila anapogeuka kukutazama mwenyewe bila kuitwa, mzawadie. Mbwa kiziwi mwenye mazoea ya kukutazama ni mbwa salama. Nje ya uzio asifunguliwe kamba kamwe, kwa kuwa gari halitamngoja ageuke.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu. Wapo wazalishaji wanaopandisha mbwa wawili wenye manyoya ya mabaka kama marumaru makusudi ili wapate watoto weupe wa kuuza. Baadhi ya watoto hao huzaliwa viziwi, wengine vipofu, wengine vyote viwili. Hilo linajulikana kabla hata mimba haijatunga, na anayelifanya huku akijua hapaswi kuuziwa wala kununuliwa mbwa.

SWALI: Mbwa wetu, yule wa mgongo mrefu na miguu mifupi, alipooza miguu ya nyuma baada ya disiki ya uti wa mgongo kuhama. Tumemtengenezea kigari cha magurudumu na anakifurahia. Je, akae nacho siku nzima? Mkojo unamtoka ovyo, angalau najua kibofu kinajisafisha chenyewe. – Msichana wa Kigari

JIBU: Binti yangu, sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niisogeze barua hii mbele. Nimemuuliza daktari anayemtibu mbwa wangu, na jibu lake ni hili: mkojo unaochuruzika mara nyingi humaanisha kibofu kimejaa kupita kiasi na kinamwagikia nje. Kilichobaki ndani kinakaa, kinaota vijidudu, na ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye figo. Kibofu kinatakiwa kikamuliwe kwa mkono, mara tatu au nne kwa siku, na mbinu hiyo ufundishwe na daktari mkono wako ukiwa chini ya wake. Nilimwomba anionyeshe kwa mbwa aliyekuwa kliniki. Unapitisha viganja pande mbili za tumbo, mbele ya mapaja, unasogeza taratibu hadi unapokutana na kitu kinachoteleza kama puto lililotiwa maji. Unakiminya kwa shinikizo la polepole lisilokatika, kuelekea mkiani, hadi kinapotepeta. Ukitumia nguvu nyingi unaweza kukipasua, ndiyo maana nasisitiza ufundishwe ana kwa ana. Mkojo ukiwa na harufu kali, damu au uchafu wa mawingu, usisubiri.

Kigari kisikae naye siku nzima. Ndani yake hawezi kulala wala kujikunja, na mikanda inachubua. Anza na dakika chache mara kadhaa kwa siku, ongeza kadiri anavyopata nguvu, na kila ukimtoa kagua kwapani na kwenye kinena. Akiwa nje ya kigari alale kwenye godoro nene na kavu, umgeuze upande kila baada ya saa chache. Vidonda vya kulalia huanza kwenye nyonga kama wekundu mdogo tu.

Kwa wasomaji wengine wenye mbwa wa umbo hilo: akianza kuyumba nyuma au kulia anaponyanyuliwa, mzuieni asitembee wala kuruka na mpelekeni kwa daktari saa hiyohiyo. Akishapoteza hata hisia ya maumivu kwenye vidole vya nyuma, kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kutembea tena. Wala msimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen inaweza kumwua.

SWALI: Nina mbwa mdogo anayenituliza nikiwa na wasiwasi. Nimeagiza kizibao kilichoandikwa "mbwa wa kazi" ili niingie naye dukani na kwenye ndege. Kuna ubaya? – Mtulivu

JIBU: Upo. Wasiwasi wako naamini ni wa kweli, na mbwa wako anakusaidia kweli. Lakini mbwa wa kazi amefundishwa jambo mahususi linalohusiana na ulemavu wa mtu: kumgusa kiziwi kwa mguu na kumpeleka penye kengele, kumwokotea funguo anayetumia kiti cha magurudumu, kumzindua mwenye kisukari sukari inaposhuka. Amefundishwa pia kulala kimya chini ya meza kwa saa nzima huku watu wakimpita.

Marekani, ambako sheria ya watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, mhudumu wa duka anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu pale isipokuwa dhahiri: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Haombi karatasi wala maonyesho. Utaratibu huo unasimama juu ya uaminifu wa watu. Mbwa mwenye kizibao cha kununua akibweka dukani au kumrukia wangu, mlango unaofungwa kesho ni wangu mimi. Mbwa wangu anaweza kung'atwa mara moja tu akaanza kuogopa mbwa wenzake, na mbwa mwenye hofu hiyo hafai tena kazini. Rudisha kizibao. Kama unahitaji mbwa wa kukufanyia kazi maalumu wakati wasiwasi umekushika, zungumza na daktari wako na mkufunzi. Mafunzo hayo yapo.

SWALI: Mbwa wetu amekatwa mguu wa mbele kwa sababu ya uvimbe wa mfupa. Mjukuu wangu analia kila akimwona. – Bibi

JIBU: Shikamoo Bibi, na pole. Wengi husimama wenyewe baada ya siku chache. Mguu wa mbele ni mgumu kidogo kuuzoea kuliko wa nyuma, maana mbele ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya uzito, kama asilimia 60. Tandika mikeka kwenye sakafu inayoteleza, na usimwache anenepe hata kidogo. Mjukuu apewe kazi ya kumpimia chakula chake.

SWALI: Kaka, sisi wawili tunatembea kwa mbwa. Wangu ametimiza miaka tisa. Anatembea polepole, na nikishika mkanda wa kazi anageuza kichwa. Shule imenitaka nijiandae kwa mbwa mwingine. Najiona msaliti. – Dada Asiyeona

JIBU: Dada yangu, mbwa anayegeuza kichwa akiona mkanda ameshazungumza. Mpeleke kwanza akapimwe maungio, meno na masikio, kwani pengine kuna maumivu yanayotibika. Kama yote ni sawa, basi amechoka, na miaka tisa ni umri wa kawaida kwa mbwa mwongozaji kustaafu. Kuendelea naye kwa sababu unampenda kutawaweka wote wawili hatarini barabarani.

Swali gumu ni atakaa na nani, na hapo nakusihi usijibu kwa moyo peke yake. Ukitoka asubuhi na mbwa mpya, yule mzee atabaki na nani? Ameishi maisha yake yote kando yako, hajazoea nyumba tupu. Kama kuna mtu nyumbani mchana na yuko tayari kumtembeza, abaki. Kama unaishi peke yako na unarudi jioni, uliza shule kuhusu familia iliyomlea alipokuwa mdogo kabla ya mafunzo. Wengi wao humpokea kwa furaha. Mtaumia mkiachana, wewe zaidi yake, na unaweza kumtembelea.

Kwa sasa mpunguzie safari polepole. Mwache nyumbani unapokwenda mahali pa karibu na fimbo, na arudishiwe mchezo na matembezi ya kamba bila kazi. Fimbo utaihitaji hata hivyo mpaka mbwa mpya afike, na mikono husahau, kwa hiyo anza mazoezi wiki hii. Ukiitwa shuleni, mwambie mkufunzi kasi unayotembea leo, si ile ya zamani ulipochukua mbwa wa kwanza, pamoja na njia unazopita kila siku na kama unapanda mabasi yenye msongamano, kwa sababu mbwa utakayepewa atachaguliwa kwa mambo hayo.